Nimealikwa jangwani Marekani nikachonge mlango, halafu wanauchoma moto. Wajuzi nisaidieni

#1 FundiMkunazini
Assalam alaykum wakuu.

Mimi ni fundi wa nakshi, milango na masanduku, kazi nimeirithi kwa babu. Kuna wageni walipanga nyumba Jambiani, wakaja karakana kwetu wakashinda kutwa wanatutazama tunavyotoa maua kwenye ubao. Sasa wameniandikia. Kila mwaka wanakwenda kwenye tamasha la sanaa linaloitwa Burning Man, jangwa la Black Rock, jimbo la Nevada. Wanataka nende nikachonge mlango wa Kizanzibari, fremu na mabawa yake mawili, usimame peke yake jangwani bila nyumba. Watu wapite, waingie huku watokee kule. Nauli na tiketi juu yao, viza nijitafutie.

Nikakubali. Juzi ndo wananambia kwamba usiku wa mwisho mlango unatiwa moto.

Wallahi usingizi umeniruka. Nataka kujua mawili. Aliyewahi kufika huko anambie kukoje, maana jangwa mie nalijua la Jangwani Dar tu. La pili, kwa nini wanachoma? Nimewauliza wenyewe na kila mmoja kanipa jibu lake.

#2 BintDarajani
Natandika mkeka hapa mbele. Fundi, unakwenda kuchoma mbao Marekani na mama yako hapa anahangaika na mkaa? 😂

#3 Chapwani
Tapeli huyo. Leo tiketi juu yao, kesho utaambiwa tuma dola mia za usajili. Uzi ufungwe.

#4 NipoUghaibuni
Waalaykum salaam Fundi. Nakaa California na huko nimekwenda. Tamasha lipo, kubwa na la miaka mingi. Waliokualika wahakiki mwenyewe, Chapwani hajakosea kutia shaka, lakini tamasha si la kubuni.

Nianze na ardhi. Black Rock ni kitako cha ziwa la kale lililokauka. Tambarare, nyeupe, hakuna jani wala inzi. Watu zaidi ya elfu 70 wanajenga mji hapo kwa wiki moja, inayoishia Jumatatu ya mwanzo ya Septemba, kisha wanaubomoa wote. Mji mkubwa wa karibu ni Reno, mwendo wa saa tatu kwa gari barabara ikiwa nyeupe, na haiwi nyeupe. Kijiji cha mwisho ni Gerlach. Hapo foleni inaweza kukulaza.

Vumbi lake si hili la Makunduchi. Lina magadi, linakula ngozi. Ukitembea na ndara, baada ya siku chache nyayo zinapasuka na kuwaka moto. Dawa yao ni siki: unaichanganya na maji, unaosha miguu. Vaa viatu vya kufunika na soksi. Beba miwani ya kuziba kabisa na kitambaa cha pua, maana dhoruba ikija mkono wako huuoni. Mchana joto kali, usiku baridi ya kutetemeka, ni juu mlimani pale, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mtu wa Unguja na kikoi chake atalia.

Maji wanasema kila mtu aje na lita kama 6 kwa siku, ya kunywa na kujisafi. Hakuna duka. Kinachouzwa ni barafu tu. Vingine vyote watu wanapeana bure, chakula, kahawa, kutengenezewa baiskeli, na hairuhusiwi kubadilishana kitu kwa kitu. Unapewa, basi.

Habari ya kuchoma nitarudi, niko kazini.

#5 MpembaWaWete
Barafu inauzwa jangwani, Wete umeme ukikatika haipatikani. Dunia hii.

#6 BiMkubwa_Shangani
Mwanangu Fundi, hongera. Kuitwa na watu wa mbali kwa ajili ya kazi ya mkono wako si jambo dogo. Lakini wanakulipa? Nauli na tiketi si ujira. Kwa miezi mingapi patasi yako italala huku watoto wanataka kula?

#7 FundiMkunazini
Shikamoo Bi Mkubwa. Mshahara hakuna. Wanasema huko hakuna anayelipwa, hata wao wanatoa mifukoni mwao.

#8 Chapwani
Si nilisema. Mlango wa nakshi kamili hapa mjini mgeni ananunua kwa mamilioni. Wao wanaupata bure, wanautia kiberiti, na wewe unarudi na picha. Utumwa ulikwisha mwaka 1897 lakini naona kuna watu hawajapata taarifa.

#9 NipoUghaibuni
Chapwani punguza ukali. Ni kweli wengi wanaojenga sanaa pale hawalipwi, na wengi hununua tiketi yao. Mwaka 2024 tiketi ya kawaida ilikuwa dola 575, kuna na za nafuu za dola 225 kwa wenye kipato kidogo. Waandaaji wanatoa ruzuku kwa baadhi ya kazi lakini mara nyingi haitoshi gharama zote. Kwa hiyo akilipiwa kila kitu, si kwamba kaonewa peke yake.

Halafu Fundi, hili la kutolipwa lina faida kwako. Viza ya matembezi haikuruhusu kufanya kazi ya ujira. Pale dirishani usiseme "nakwenda kazini". Sema kweli: umealikwa kwenye tamasha la sanaa, barua hii, tarehe hizi, familia na karakana yangu hii nyumbani. Na masharti ya viza kwa Watanzania yanabadilika, usishike ya kijiweni, soma ya ubalozi wao Dar wiki ile ile unayoomba.

#10 ShekheWaMtaa
Naomba niulize kwanza, huko watu wanakaa uchi au nimesikia vibaya?

#11 NipoUghaibuni
Shekhe, wapo. Si wote, wala si wengi, lakini wapo na hakuna anayewashangaa. Pombe pia inagawiwa, na bangi ukikamatwa nayo ni kesi kwa sababu ile ni ardhi ya serikali kuu. Lakini kuna makambi ya familia na watoto, kuna makambi ya watu wasiotumia kilevi kabisa. Mtu anachagua mtaa wa kukaa kama hapa anavyochagua.

#12 BintDarajani
Shekhe kauliza haraka mno 😂😂

#13 ShekheWaMtaa
Cheka tu binti yangu. Nauliza kwa sababu kijana kaomba ushauri kwa watu wake. Mimi simkatazi kusafiri. Nasema ajue anakokwenda, achague kambi, na sala zake zisimpite. Maji yakiwa ya kunywa tu na anahofia kiu, tayamamu ipo, na vumbi la kutosha keshaambiwa lipo. Kibla tu ndo asikisie. Hapa kwetu tunaelekea kaskazini. Kutoka Marekani wengi wanadhani ni mashariki.

#14 MpembaWaWete
Si ni mashariki shekhe? Makka ipo mashariki ya Marekani, ramani hii hapa ukutani.

#15 Mwanahistoria_Vuga
Ramani ya ukutani imenyooshwa, dunia ni duara. Njia fupi kutoka Nevada kwenda Makka inapita juu karibu na ncha ya kaskazini. Kwa hiyo kibla ya kule ni kaskazini, imelalia mashariki kidogo. Fundi ataswali karibu upande ule ule anaoswali Mkunazini.

#16 MpembaWaWete
Subhanallah. Nimejifunza leo, na mke wangu hataki kuamini.

#17 Kae_Kuu
Nyie watu wa mjini mnanishangaza. Fundi anauliza kwa nini wanachoma, mnamjibu habari za soksi.

Mimi ni wa Makunduchi. Kila Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya wa jadi, tunajenga kibanda cha makuti, mtu anaingia ndani, kinatiwa moto, na yeye anachomoka. Mababu wa mababu zetu wamefanya hivyo. Wanaume wa kaskazini na wa kusini wanapigana kwa magomba kumaliza chuki za mwaka, wanawake wanaimba nyimbo za kusema watu bila kuogopa, na kila nyumba inataka mgeni mezani. Hao Wamarekani wameanza lini? Tumewatangulia.

#18 Mwanahistoria_Vuga
Walianza 1986. Larry Harvey na mwenzake Jerry James walichonga mtu wa mbao wa urefu wa kama mita 2 na nusu, wakamchoma pwani ya Baker, San Francisco, siku za jua refu la mwezi wa Juni. Mwaka 1990 askari wa hifadhi wakawazuia kuwasha moto pale, na mwaka ule ule wakamhamishia jangwa la Black Rock. Harvey alifariki 2018. Hakuna ushahidi wowote kwamba walijua habari za Makunduchi.

#19 Kae_Kuu
Sijasema walituibia. Nimesema tumewatangulia.

#20 BintDarajani
Mimi nilisikia huyo Harvey aliachwa na mwanamke, ndo akachoma mtu wa mbao kumaliza hasira. Kama kweli basi namwelewa sana.

#21 Mwanahistoria_Vuga
Hadithi hiyo inazunguka sana, na maelezo ya mwenyewe hayakuwa ya namna moja kila mara. Kabla yake pwani ile ile palikuwa na wasanii waliokuwa wakiwasha moto siku ya jua refu, kwa hiyo wapo wanaosema alirithi desturi tu. Wengine wanasema hakuwa na sababu yoyote, ilikuja kichwani ghafla.

#22 Chapwani
Sababu ninayo mimi. Kusafirisha sanamu la tani kadhaa kutoka jangwani ni ghali. Kiberiti ni bei rahisi. Falsafa imekuja baadaye.

#23 NipoUghaibuni
Ingekuwa hivyo wangechoma vyote. Kazi nyingi haziungui kabisa, ni za chuma, zinapakiwa kwenye malori na kurudi mijini. Mwaka 2018 jumba la sanaa la Renwick, Washington, lilifanya maonyesho makubwa ya kazi za huko. Vinavyochomwa ni baadhi, na lazima uombe mapema, zimamoto wao wakague, na chini utandike tabaka la kukinga ili ardhi isiungue. Ardhi ile ikiungua inabaki na kovu. Hupigi kiberiti ukaondoka.

Sasa jibu langu mimi, na msilichukue kuwa la wote. Kitu kikichomwa hakiuziki. Tajiri hawezi kukipeleka nyumbani kwake akakifungia. Mliokuwapo mmekiona, ambaye hakuja hakukiona. Kwenye nchi ambayo kila kitu kina bei, hilo linawaliza watu.

#24 Chapwani
Tajiri hakipeleki nyumbani lakini anakuja nacho kwa ndege ndogo binafsi. Uwanja wa ndege wa muda upo hapo hapo, msidanganywe. Tiketi dola 575 ukiongeza gari, hema, maji, chakula, baiskeli, huo ndo usawa?

#25 NipoUghaibuni
Uwanja upo, kweli. Na lawama hiyo wenyewe wanaitoa kila mwaka.

#26 BiMkubwa_Shangani
Mimi nilishawahi kuona picha za hekalu lao. Sio la kuabudia, ni jengo la mbao lenye matundu matundu ya nakshi, na ndiyo maana nimeanza kuelewa kwa nini wamemfuata Fundi. Watu wanaandika majina ya waliokufa kwenye kuta zake, wanabandika picha, barua. Usiku wa Jumapili linachomwa na maelfu ya watu wamekaa kimya. Lilianza 2000, msanii David Best alifiwa na kijana aliyekuwa akijenga naye, watu wakaligeuza kazi yake kuwa mahali pa kuombolezea.

Sisi tuna khitma, tuna arubaini, tuna majirani wanaojaa uani. Wenzetu wengi hawana pa kulia. Nadhani moto ule ni matanga yao.

#27 ShekheWaMtaa
Bi Mkubwa umesema maneno makubwa, ila moto na maiti tusivichanganye. Na mali kuichoma bila haja ni israfu. Hilo nalisema kwa upole.

#28 Kae_Kuu
Je kibanda cha Makunduchi nacho israfu? Makuti mangapi yale?

#29 ShekheWaMtaa
Cha Makunduchi wanachuoni wameshakizungumza sana, usinitie kwenye moto wako 😀

#30 Mwanahistoria_Vuga
Hata hicho cha Makunduchi sababu zake ni nyingi. Ukiuliza wazee utaambiwa kinachomwa kuteketeza mabaya ya mwaka uliopita. Mwingine atakuambia ni zoezi: nyumba ikishika moto, je majirani wanajua kuokoa? Wapo wanaotazama moshi umeelekea wapi, wakajua mwaka utakuwaje. Wasomi nao wanarudisha kwenye Nairuzi ya Uajemi, ambako mwaka unakaribishwa kwa kuruka moto. Kalenda yenyewe ni ya siku 365 isiyo na siku ya nyongeza, ndiyo maana Mwaka unarudi nyuma siku moja kila baada ya miaka 4. Zamani za mababu uliangukia Agosti, sasa tupo Julai.

#31 Kae_Kuu
Ya moshi ndiyo sahihi. Hizo nyingine wameandika watu wa vyuo.

#32 MpembaWaWete
Kwetu mtu akikutwa anachoma mlango wa nakshi anaitiwa polisi, haitwi msanii. Na sisi pia wazee walikoga mwaka, msijifanye mna hatimiliki nyinyi wa kusini.

#33 Kae_Kuu
Nyinyi endeleeni na ng'ombe wenu mliorithishwa na Wareno.

#34 MpembaWaWete
Mchezo wa ng'ombe si wa Wareno, huo uongo unaandikwa kwenye vitabu vya watalii. Mreno alipigwa Pemba, hakufundisha kitu.

#35 Mwanahistoria_Vuga
Tufungue uzi mwingine wa ng'ombe tafadhali.

#36 MtembezaWageni
Nimechelewa, nilikuwa na wageni Jozani. Fundi, kabla hujahangaika na viza ya Marekani, hao rafiki zako waulize kuhusu AfrikaBurn. Ni mtoto wa Burning Man, yupo Afrika Kusini, nyika kavu ya Tankwa Karoo, tangu 2007. Ni mwishoni mwa Aprili hivi. Watanzania hatuhitaji viza kwa ziara fupi kule. Watu ni wachache zaidi, elfu kumi na kitu, na sanaa inachomwa vile vile. Nimefika na wateja wangu.

Tahadhari ni barabara, ile R355 kutoka Ceres. Ya changarawe yenye mawe makali, ni maarufu kwa kula matairi. Beba spea mbili. Sisi tulibeba moja, tukalala njiani tunahesabu nyota na wateja wananiangalia kama mimi ndo niliyemwaga mawe.

Baridi yake usiku ni kali pia. Na huko nako hakuna duka, ni barafu tu. Wao wana kanuni 11, Wamarekani wana 10. Ya nyongeza ni kwamba kila mtu amfundishe mwenzake.

#37 BintDarajani
Kanuni 10 gani hizo? Zipo kama za madrasa?

#38 NipoUghaibuni
Harvey aliziandika 2004, si sheria, ni maelezo ya namna walivyokuwa wakiishi. Nyingine ni kukaribisha kila mtu, kutoa bila kungoja malipo, kujitegemea, kushiriki badala ya kutazama, na kutoacha alama. Hii ya mwisho ndiyo inayomhusu Fundi zaidi. Hakuna jaa wala pipa la taka. Ulichokuja nacho unaondoka nacho, mpaka maji ya kuoshea vyombo. Baada ya tamasha watu wanapanga mstari, wanatembea jangwa zima wakiokota kijiti, unyoya, msumari. Serikali inakuja kukagua, takataka zikizidi kama futi moja ya mraba kwa eka, kibali cha mwaka unaofuata kinatiwa mashaka.

Kwa hiyo mlango ukishaungua, majivu na misumari yote mtaichambua kwa mkono na kwa sumaku.

#39 FundiMkunazini
Subiri hapo. Sumaku haikamati shaba.

Mlango wetu una njumu za shaba, yale mapambo yanayochomoza ubaoni. Zikianguka kwenye majivu hakuna sumaku itakayoziona. Hilo hao rafiki zangu hawakulitaja, na wanataka njumu kubwa zile za mchongoko, kila picha wanayonitumia ina njumu.

#40 MzeePatasi
Fundi mwenzangu, nimekuwa nikisoma kimya. Hapo sasa tumeingia kwenye kazi.

Njumu zitoe. Chonga njumu za mti, zikaze kwa vijiti na gundi, kwa mbali hakuna atakayetofautisha, na vumbi lile litafanya kila kitu kiwe rangi moja. Bawaba tengeneza za mti pia, ekseli juu na chini, kama milango ya kale inavyozunguka kwenye tundu la kizingiti. Komeo la mti. Mlango wote usiwe na chuma hata kidogo. Utaungua safi na hutaokota kitu.

Mbao usipeleke ya hapa. Msaji na mfenesi ni dhambi kuvichoma, na forodha watakusumbua. Watakupa msonobari kule. Ni laini, nakshi zake zisiwe za kina sana, patasi iwe imenolewa vizuri la sivyo inapasua.

#41 BiMkubwa_Shangani
Ahsante MzeePatasi. Swali langu: mlango upi? Wa Kiarabu wa kizingiti cha mraba au wa Kihindi wenye tao juu?

#42 FundiMkunazini
Wanataka wa Kiarabu, Bi Mkubwa. Kizingiti cha mraba, mnyororo pembeni, samaki chini, mayungiyungi, na maandishi juu.

#43 ShekheWaMtaa
Maandishi gani juu?

#44 FundiMkunazini
Kama yale tunayoweka siku zote, shekhe. Aya.

#45 ShekheWaMtaa
Basi hapo ndo pangu. Aya ya Qur'ani juu ya mlango ni kinga ya nyumba na heshima yake. Huwezi kuiweka mahali watu wanapita uchi, kisha ukaitia moto mbele ya umati unaoshangilia. Msahafu uliochakaa kuchomwa kwa heshima ili usidhalilike, hilo lina asili tangu kwa Sayyidna Uthman. Hili si lile. Aya itoe.

#46 NipoUghaibuni
Namuunga mkono shekhe, na waandaaji watakuelewa bila ubishi ukiwaeleza.

#47 Chapwani
Mlango wa Zanzibar usio na njumu, usio na aya, wa msonobari, bawaba za mti. Huo ni mlango wa Zanzibar au ni wa banda la kuku?

#48 MzeePatasi
Chapwani, nakshi ndiyo mlango. Milango ya mwanzo yenye tarehe haikuwa na mbwembwe zote hizi, njumu tumezichukua Bara Hindi ambako wanasema zilikuwa za kuzuia tembo. Nani amewahi kuona tembo Shangani? Tulizipokea kwa uzuri tu. Kama tuliweza kuzipokea tunaweza kuziacha.

Juu pale badala ya aya aache ubao mtupu. Watu waandike wenyewe majina yao, kama kwenye lile hekalu alilotaja Bi Mkubwa.

#49 BiMkubwa_Shangani
Hilo nimelipenda. Na kwa wanaosema kuchoma ni kuharibu: Beit al Ajaib, lile jumba letu la kale, liliporomoka sehemu Disemba 2020 bila mtu kulitia kiberiti. Milango mingapi ya mjini imeliwa na mchwa, mingapi imeng'olewa usiku ikauzwa? Angalau huo wa Fundi watu elfu 70 watajua umekwenda wapi.

#50 Chapwani
Bi Mkubwa nakuheshimu lakini hilo si jibu. Nyumba yako ikivuja huivunji ukuta wa jirani.

#51 FundiMkunazini
Ahsanteni wote. Nimewaandikia usiku, nimewaambia bila shaba na bila aya. Mmoja kafurahi. Mwingine anasema bila shaba haitakuwa "halisi". Nimemuuliza halisi ya nini na unakwenda kuuchoma, hajajibu bado.

Mimi bado roho haijatulia kwenye kuchoma kwenyewe. Ya Bi Mkubwa inaniingia, ya NipoUghaibuni inaniingia kidogo, na ya Chapwani usiku ndo inakuja kunigongea.

#52 Kae_Kuu
Njoo Makunduchi Julai kwanza. Utaona kibanda kinawaka utajua moyo wako unasemaje. Kulala kwetu, chakula kwetu. Usije na magomba, tunayo.

#53 MtembezaWageni
Wakati unafikiri, jiandae na mvua pia. Mwaka 2023 Black Rock ilinyesha mwanzoni mwa Septemba, lile vumbi likawa tope la kunata, magari yakazuiwa, maelfu wakakwama. Yule mtu wa mbao wanayemchoma kila mwaka hakuchomwa Jumamosi, alisubiri mpaka Jumatatu, hekalu Jumanne. Chakula cha ziada ni lazima.

#54 BintDarajani
Fundi ukenda beba kahawa na haluwa ya Wete uwagawie, utakuwa mfalme wa jangwa.

#55 NipoUghaibuni
Kwa kambi yenu sawa. Ukitaka kugawia umma wote, kambi inahitaji kibali cha afya cha jimbo. Kahawa kwa majirani hakuna atakayekufunga.

#56 MpembaWaWete
Haluwa ya Wete hiyo umetaja mwenyewe binti, nimeiweka kumbukumbu. Karafuu usibebe, magendo hayo.

#57 FundiMkunazini
😂 Karafuu sibebi. Nataka kwanza kujaribu msonobari hapa hapa, nione patasi inavyokwenda. Nani anajua ile mbao ya Mufindi iliyokauka vizuri inapatikana wapi mjini? Ninayoiona imeloa, ukiitia nakshi inapinda kesho yake.

#58 MzeePatasi
Waulize wauza mbao za kenchi, ila chagua mwenyewe, usimtume mtoto. Gonga ubao usikilize. Na bei jiandae, juzi nimenunua za paa la mkwe wangu nikarudi nyumbani kwa miguu.